Mpango wa miaka kumi wa skuli za wilaya: anza na watoto waliokwisha kuzaliwa

Mtoto aliyezaliwa 2025 katika shehia yoyote (eneo dogo la utawala chini ya sheha) ya Unguja au Pemba ataingia darasa la kwanza Januari 2032, akiwa na miaka sita anakwenda wa saba. Kwa kuwa elimu ya msingi kwetu ni miaka sita tangu Sera ya Elimu ya 2006, mtoto huyo atafika kidato cha kwanza Januari 2038. Kwa hiyo wanafunzi wengi wa mpango wa miaka kumi hawana haja ya kukisiwa. Wameshazaliwa, wameshachanjwa, na majina yao yamo katika madaftari ya vituo vya afya.

Hata hivyo mipango mingi ya wilaya huanza kwa orodha ya maombi. Kila mwalimu mkuu anaandika anachotaka: ukuta, maabara, ukumbi, kompyuta. Orodha zinaunganishwa, zinawekewa gharama, na mwisho wake hupatikana kitabu kizuri kisichomwambia mtu yeyote afanye nini mwezi ujao. Mpango wa elimu wa wilaya una hesabu mbili tu za msingi, ya watoto na ya muda. Majengo, walimu na fedha hutoka kwenye hesabu hizo. Anayeanza na majengo atajenga pazuri pasipo na watoto, na penye watoto ataongeza madawati kwenye vyumba vilevile.

Wastani wa nchi hautoshi

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar, na ya 2022 ikahesabu 1,889,773. Hilo ni ongezeko la kiasi cha asilimia 3.7 kwa mwaka, na ni rahisi afisa mipango kuichukua asilimia hiyo akaizidisha kwa kila skuli. Ukitazama mikoa, picha inabadilika kabisa. Kusini Unguja ilitoka watu 115,588 ikafika 195,873, karibu asilimia 69 kwa miaka kumi. Mjini Magharibi ilitoka 593,678 hadi 893,169, asilimia 50. Kaskazini Pemba ilitoka 211,732 hadi 272,091, asilimia 28 na ushei. Wilaya ya Micheweni, iliyo Kaskazini Pemba, ikipangiwa kwa kasi ya Fuoni ya Mjini Magharibi itapata vyumba vya ziada. Fuoni nayo ikipangiwa kwa wastani wa nchi itaelemewa kabla mpango haujafika nusu.

Tena hata mkoa ni mpana mno kwa kazi hii. Ndani ya wilaya ya Magharibi B kuna shehia zilizoshiba, ambazo vijana wameshaoa na kuhama, na kuna nyingine ambazo eka tatu zilizogaiwa baada ya Mapinduzi zinakatwa viwanja kila mwaka. Kipimo sahihi ni shehia.

Kwa kila shehia, chukua idadi ya watoto waliopata chanjo ya surua ya miezi tisa kwa kila mwaka, miaka saba nyuma. Ichukue kwa makazi ya mama, usiichukue kwa kituo, kwani kina mama wengi huenda kituo kilicho njiani kuliko kilicho katika shehia yao. Kosa hili ni la kawaida sana: kituo kikubwa kinaipa shehia yake watoto wasiokuwa wake, na shehia jirani inaonekana haina watoto. Kisha chukua walioandikishwa darasa la kwanza kwa mara ya kwanza, bila wanaorudia darasa. Anayerudia alishahesabiwa mwaka uliopita, na ukimtia tena utaona wimbi lisilokuwepo.

Sasa gawa. Tuseme watoto waliochanjwa ni 180, na walioingia darasa la kwanza miaka sita baadaye ni 240. Uwiano ni 1.33, yaani familia zinahamia zikiwa na watoto wao. Ukipata 0.8, ama watu wanahama, ama watoto wanakwenda skuli ya shehia jirani au ya binafsi, ama wapo nyumbani. Haya ni mambo manne yenye tiba nne tofauti, na anayeweza kukwambia ni lipi ni sheha pamoja na kamati ya skuli. Nenda kwao na namba mkononi. Ukiwauliza jumla jumla kama watoto wameongezeka, watakwambia wameongezeka, kila mwaka.

Jihadhari na skuli mpya. Ikifunguliwa mahali ambapo watoto walikuwa wakitembea mbali, mwaka wa kwanza huingia wa miaka sita, saba, minane na hata tisa kwa pamoja. Idadi hiyo haitajirudia mwaka wa pili. Wilaya ikiichukua ndiyo kawaida ya skuli hiyo itajenga kwa ajili ya kundi moja linalopita.

Hesabu ya vyumba, na mtego wa mkondo mmoja

Hapa ndipo penye matumaini makubwa na makosa makubwa pia. Kila wilaya inataka kuondoa mikondo miwili, wa asubuhi na wa mchana, ili watoto wote wasome asubuhi. Ni lengo jema, na mtoto wa mkondo wa mchana anastahili. Lakini fanya hesabu kwanza.

Chukua skuli ya msingi ya mfano yenye wanafunzi 260 darasa la kwanza, 250 la pili, 240 la tatu, 231 la nne, 222 la tano na 214 la sita. Jumla 1,417. Ukiweka wanafunzi 45 kwa darasa unahitaji madarasa 6, 6, 6, 6, 5 na 5, yaani 34. Gawa kila darasa peke yake kisha jumlisha. Ukigawa 1,417 kwa 45 moja kwa moja utapata 32, ukakosa mawili, kwa sababu huwezi kumchanganya mtoto wa la tatu na wa la nne kujaza nafasi. Kwa mikondo miwili madarasa 34 yanatosha vyumba 17. Kwa mkondo mmoja yanataka vyumba 34.

Sasa ongeza asilimia 4 kila mwaka kwa wanaoingia, kasi ya kawaida kwa pembezoni mwa Mji. Baada ya miaka kumi darasa la kwanza ni 385, la pili 370, la tatu 356, la nne 342, la tano 329, la sita 316. Madarasa yamekuwa 9, 9, 8, 8, 8 na 8, jumla 50. Skuli iliyoanza na vyumba 17 inahitaji 33 zaidi ili iwe na mkondo mmoja mwaka wa kumi. Kati ya hivyo 17 ni vya kuondoa mkondo wa mchana, na 16 ni vya kuwapokea watoto wapya tu. Wilaya ikijenga 17, ikatangaza kwamba mikondo imekwisha, kisha ikapumzika, mkondo wa mchana utarudi wenyewe ndani ya miaka michache. Kwa hiyo andika namba mbili mbali mbali katika mpango: vyumba vya kupunguza msongamano, na vyumba vya ongezeko. Fedha zikipungua, vya ongezeko ndivyo visivyoweza kungoja.

Mkondo mmoja una gharama nyingine ambazo huonekana siku ya kufungua skuli. Madawati yaliyokuwa yakikaliwa asubuhi na mchana na watoto tofauti sasa yanatakiwa mara mbili. Wanafunzi 1,417 kwa dawati la wawili ni madawati 709, wakati zamani 360 hivi yalitosha. Vyoo vivyo hivyo. Kipimo kinachotumika sana nchini ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Wakiwa wasichana 360 na wavulana 349 kwa mkondo, ni matundu 18 na 14. Wakija wote kwa pamoja, wasichana 720 na wavulana 697, ni 36 na 28. Na maji ni hivyo hivyo: tangi lililokuwa likijaa adhuhuri baina ya mikondo halina tena nafasi ya kujaa.

Kubwa zaidi ni walimu. Skuli yenye mikondo miwili inaweza kujikimu na walimu 30 kwa madarasa 34 kwa sababu baadhi yao hufundisha asubuhi na mchana. Ukiunganisha mikondo, saa mbili asubuhi madarasa 34 yanataka walimu 34 kwa wakati mmoja, na madarasa manne yatakaa bila mwalimu kila kipindi. Jengo limepatikana, msongamano umepungua, na mtoto hafundishwi. Usipange kuunganisha mikondo ya skuli yoyote kabla ya kuandika jina la kila mwalimu mbele ya darasa lake.

Kuna na chuo. Watoto wengi wa Unguja na Pemba husoma Qur-ani nusu ya siku ambayo hawako skuli. Ratiba ya skuli ikisogea, chuo nacho kinasogea, na mwalimu wa chuo anayepokea wa asubuhi na wa jioni atajikuta na wote jioni, chumba kile kile. Mzee wa mtoto akilazimika kuchagua, ugomvi utaifikia skuli. Kikao na walimu wa vyuo kiwekwe mwaka mmoja kabla ya mabadiliko, kwa shehia, na saa za kutoka ziandikwe wazi. Hili halina gharama, na ni aibu kulisahau.

Hesabu ya muda

Skuli hufunguliwa Januari, mwaka wa fedha huanza Julai. Pengo hilo la miezi sita linaharibu mipango mingi kuliko ukosefu wa fedha wenyewe.

Tuseme vyumba vinatakiwa Januari 2030. Ukiviweka bajeti ya 2029/30, fedha haziwezi kuanza kutoka kabla ya Julai 2029. Zabuni na mkataba vitachukua miezi mitatu au minne, vuli itakuwa imeanza, na Januari watoto watakuta msingi. Kwa hiyo vyumba hivyo ni vya bajeti ya 2028/29. Bajeti hiyo hupita Baraza la Wawakilishi katikati ya 2028, lakini rasimu zake wizarani zinaanza kuandikwa mwisho wa 2027. Takwimu za kuitetea ni za uandikishaji wa 2027. Mtoto wa Januari 2030 anapangiwa kwa namba za miaka mitatu kabla, na ndiyo maana makisio ya watoto lazima yafanywe upya kila mwaka. Yakifanywa mara moja kwa miaka mitano hayana faida.

Ndani ya mwaka, masika hutawala. Msingi uchimbwe na zege la msingi limwagwe kabla ya Machi, au usubiri Juni. Mkandarasi anayekabidhiwa kiwanja mwishoni mwa Februari atakaa miezi mitatu akitazama maji, na muda huo ataudai.

Walimu huchukua muda mrefu kuliko majengo, na hapa wilaya nyingi hazihesabu kabisa. Chukua orodha ya walimu wote kwa somo na mwaka wa kuzaliwa. Kustaafu kwa lazima ni miaka 60, kwa hiari 55. Kwa kila somo utaona nani anaondoka lini. Walioajiriwa kwa pamoja huondoka kwa pamoja, na skuli inaweza kupoteza walimu wake wa hesabu ndani ya miaka mitatu. Mfano: skuli ya sekondari ina madarasa 20, hesabu ni vipindi 6 kwa wiki, jumla vipindi 120. Kwa vipindi 24 kwa mwalimu, wanatakiwa watano. Kama wawili kati yao watafika 60 mwaka 2031, warithi wao wanatakiwa wawe chuo cha ualimu sasa hivi au karibuni, maana stashahada ni miaka miwili, shahada ni mitatu, na kibali cha ajira kina safari yake. Wilaya haisomeshi walimu, lakini inaweza kupeleka wizarani orodha yenye somo, skuli na mwaka. Ombi la "walimu wa sayansi 30" halijibiki. Ombi la "fizikia mmoja Kojani ifikapo Januari 2031, biolojia mmoja Tumbatu ifikapo Januari 2032" linajibika.

Nimezitaja Kojani na Tumbatu kwa makusudi. Mwalimu anapangiwa kisiwani, anavuka kwa mashua, hapati nyumba, na baada ya mwaka anaomba uhamisho wa kumfuata mume au wa maradhi. Kwenye karatasi skuli ina walimu kamili, kwa sababu aliyehama hajafutwa kwenye orodha. Kwa visiwa na vijiji vya mbali, nyumba ya walimu ihesabiwe sehemu ya darasa: chumba bila mwalimu anayelala karibu ni ukuta tu. Tena kipimo cha watoto 45 hakifai kwa kisiwa chenye watoto 15 kila mwaka. Huko panga madarasa mawili chini ya mwalimu mmoja aliyefundishwa njia hiyo.

Kiwanja, maweni na chumvi

Kiwanja ndicho cha kwanza kutafutwa na cha mwisho kukumbukwa. Katika shehia inayokatwa viwanja, eneo la skuli lililo wazi leo litakuwa na nyumba tatu baada ya miaka miwili. Mpango wa miaka kumi lazima uwe na ramani ya kila kiwanja cha skuli kilichopo na kinachohitajika. Mipaka ipimwe, vigingi viwekwe, na haki ya matumizi ya ardhi iwe na karatasi. Skuli nyingi kongwe zinakaa kwenye ardhi iliyotolewa kwa mdomo na mzee wa kijiji. Warithi wake hawana karatasi, na skuli pia haina. Kulipata jambo hili mwaka wa kwanza wa mpango ni rahisi. Kulipata mwaka wa saba, baada ya nyumba kusimama, hakuna anayeliweza bila ya fidia na kesi.

Pahala pakiwa padogo jibu ni ghorofa, na nyingi zimejengwa miaka ya karibuni. Ghorofa inaokoa ardhi, lakini inaondoa nguvu ya wananchi. Kijiji kinaweza kusimamisha boma la vyumba vitatu hadi linta. Hakiwezi kumwaga zege la sakafu ya juu. Ghorofa pia inataka pampu ya maji, na vyumba vya chini viachiwe watoto wa maandalizi (chekechea) na watoto wenye ulemavu. Iandikwe kabisa kwenye mpango, ama sivyo chini kutakuwa ofisi.

Maboma yaliyopo yahesabiwe kabla ya kuomba jengo jipya hata moja. Pita wilaya nzima uandike kila boma: msingi tu, linta, au limepauliwa lakini halina sakafu. Boma lililokaa wazi misimu kadhaa ya mvua likaguliwe na mhandisi kabla ya kuezekwa, hasa nondo za linta. Kumaliza boma lililo imara aghalabu ni rahisi kuliko kuanza upya, na wananchi waliolijenga wanangoja.

Ujenzi wa pwani una maradhi yake. Mchanga wa ufukweni na maji ya kisima chenye chumvi huozesha nondo ndani ya zege. Nondo ikipata kutu huvimba, zege linapasuka na kudondoka vipande chini ya dari, na kufika hapo jengo bado halijazeeka. Kwa hiyo mkataba utaje mchanga unatoka wapi. Bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 30, na karibu na bahari tofauti hiyo ni miaka. Maeneo ya maweni kama Makunduchi na sehemu kubwa ya Micheweni hayachimbiki kirahisi. Choo cha shimo kitakuwa kifupi na kitajaa, na maji machafu hupenya nyufa za mawe hadi kwenye visima. Weka bajeti ya karo (tangi la maji machafu) la kujengwa tangu mwanzo, na njia ya gari la kunyonya.

Matengenezo yapewe mstari wake. Wapangaji wengi hutumia asilimia 2 ya thamani ya majengo kwa mwaka. Wilaya ikishindwa kupata mbili ipate moja, lakini isiwe sifuri, na isichanganywe na fedha za ujenzi kwa sababu ujenzi utaila.

Nani akae mezani, na mara ngapi

Kikao cha mwanzo kiwe na watu wachache: afisa elimu wa wilaya, anayeshika takwimu, walimu wakuu wawili wa msingi na wawili wa sekondari, mtu wa ardhi, mtu wa afya mwenye madaftari ya chanjo. Masheha na kamati za skuli wafuatwe kwao. Ukumbi wa watu mia mbili huzaa orodha ile ile ya maombi.

Malengo yasizidi saba, kila moja na namba, mwaka na jina la anayewajibika. Kwa kila skuli angalia tatu kila mwaka: wanafunzi kwa chumba, madarasa yasiyo na mwalimu wa somo, na mahudhurio ya siku ya kawaida. Mahudhurio yahesabiwe kwa kuingia darasani, na zaidi ya siku moja. Katika vijiji vya mwani, siku za bamvua, maji yanapokupwa sana, watoto wapo pwani na mama zao. Msimu wa karafuu Pemba, wapo mashambani. Wavuvi wakienda dago, yaani kambi ya uvuvi, baadhi ya wavulana huondoka nao. Uandikishaji hauoni lolote kati ya haya, na skuli yenye wanafunzi 600 daftarini inaweza kuwa na 450 darasani kwa wiki kadhaa. Hapo mwalimu wa ziada hatasaidia kitu. Kinachotakiwa ni mitihani ya ndani na likizo zipangwe kwa kufuata kalenda ya kijiji.

Kila Aprili, uandikishaji wa mwaka ukishakamilika, makisio yalinganishwe na waliokuja kweli, skuli kwa skuli. Tofauti ikizidi asilimia 10, mtu aende kwenye shehia husika kabla ya namba kurekebishwa. Miaka kumi ya mbele isogezwe mwaka mmoja, wa zamani utoke, mpya uingie. Maafisa huhamishwa, kwa hiyo karatasi za hesabu zenyewe, na si kitabu kilichochapishwa tu, zikae nakala moja wilayani, moja wizarani, na ya kila skuli kwa mwalimu mkuu wake pamoja na kamati. Kila namba iandikwe ilikotoka: daftari gani, kituo gani, mwezi gani.